Wa Arobaini na Moja

Saiba ya Ajwang iko Uthiru, kati ya duka la mbolea na bucha ya Kiema. Ina kompyuta tatu, mashine moja ya kuchapisha na benchi chini ya dirisha. Benchi ni la wanaotafuta mambo kwenye intaneti, kwa sababu majibu huja kwa miguu. Ukishaandika swali na kubonyeza, foleni inaanzia mlangoni, inapita bucha, inakata kona ya kanisa, na kila jibu ni mtu. Anaingia, anasema alichoandika, haongezi neno, anaondoka. Juzi juzi aliingia bwana mmoja ana povu kidevuni, alikuwa ananyoa ndevu alipoitwa. Akatoa maoni yake kuhusu pasi ya umeme, akarudi kwao kumalizia shavu la pili. Kiema wa bucha hana neno, ila analalamika kwamba foleni inamzibia wateja.

Jumatatu asubuhi aliingia Muthoni, ambaye sote tunamwita Mama Jackie. Anauza sukuma na viazi kandokando ya Waiyaki Way. Alikuwa amekunja fomu ndani ya leso.

"Nitafutie hawa watu," alimwambia Ajwang. "Wanataka kubeba mtoto wangu Alhamisi."

Mtoto ni Jackie, miaka ishirini na minne, diploma ya hoteli, na miaka miwili ya kukaa nyumbani. Watu wenyewe ni ajenti mmoja wa Hurlingham, jina lake Mlango Wazi, anayepeleka wasichana kufanya kazi Ghuba. Habari zake zililetwa na Mwaura, mzee wa kanisa, aliyezitangaza baada ya mahubiri, katikati ya harambee ya paa na arusi mbili. Na huku kwetu jambo likishatangazwa kanisani, nani tena atauliza? Jackie peke yake ndiye aliyeuliza, kwa simu. Aliandika: Mlango Wazi ni nzuri? Wakaja watatu mpaka getini, wakasema ni nzuri, wakaenda zao.

Ajwang aliandika jina vile vile lilivyo kwenye fomu. Foleni ikajaa upesi mno, na hilo pekee lilimtia Mama Jackie wasiwasi. Mbele kabisa walikuwa wanaume watatu wa suti. Kifuani walikuwa wamebandikwa neno Tangazo, kwa herufi ndogo, na kila mmoja alikuwa ameweka mkono juu yake kama mtu anayeimba wimbo wa taifa. "Timiza ndoto yako leo," alisema wa kwanza. Wa pili akasema hivyo hivyo. Wa tatu alikuwa anauza masanduku ya safari.

Nyuma yao waliingia wasichana kumi na mmoja. "Mlango Wazi wamebadilisha maisha yangu, Mungu awabariki," alisema mmoja, na wengine wakayarudia maneno hayo hayo mpaka kwenye "awabariki". Mama Jackie hakuwatazama usoni. Aliwatazama miguuni. Wasichana kumi na mmoja, viatu vya aina moja, vipya, soli hazijaona vumbi la Uthiru wala la kwingine.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema. "Na hawa wametembezwa. Funga huo mlango."

Ajwang akafunga.

"Mama Jackie, tumewaita kwa jina walilojipa wenyewe, si lazima waje wao? Na Jackie naye aliuliza kama ni nzuri. Ukiuliza hivyo, atakuja wa kukwambia ni nzuri. Mtu aliyeumia hata hakumbuki jina la kampuni. Anakumbuka mlango. Hiyo ofisi inakaa aje?"

"Iko juu ya duka la mapazia. Ngazi za kijani."

"Na simu?"

Mama Jackie akafunua fomu. Ajwang akahamia kompyuta ya tatu, ile ya kona, ambayo inatumia chombo kingine cha kutafutia. Ni cha polepole, na wateja hawakipendi. "Ile ya kwanza huleta aliyelipa," alisema. "Hii huleta hata kurasa zilizofutwa, lakini lazima ungoje." Akaiandika namba ya simu ndani ya alama za kunukuu, ili wasije wenye namba za kufanana nayo. Akaondoa majibu ya mwaka huu na mwaka jana. Wakangoja mpaka chai ikapoa.

Alikuja mzee mmoja tu, amevaa bango la zamani shingoni. "Njia Nyeupe Ajira," alisema, "Hurlingham, juu ya duka la mapazia, piga namba hii." Akaitaja. Ilikuwa ile ile ya kwenye fomu, tarakimu kwa tarakimu.

"Wamebadilisha jina," alisema Mama Jackie.

Ajwang akaandika upya: Njia Nyeupe, pasipoti, nisaidieni. Safari hii foleni haikufika hata bucha. Ilikuwa na mtu mmoja.

Alikuwa msichana wa aproni, mikono inanuka dawa ya kung'arishia choo, na kwenye kandambili zake kulikuwa na mchanga mweupe ambao haupatikani huku. Begani alikuwa na tarehe ya miaka miwili iliyopita.

"Naitwa Mercyline," alisema. "Njia Nyeupe ndio walinileta huku. Pasipoti yangu iko na bosi. Silali, silipwi. Jameni nisaidieni, lakini mama yangu asiambiwe."

"Mtoto wangu," alisema Mama Jackie, "uko hai?"

"Naitwa Mercyline," alisema msichana. "Njia Nyeupe ndio walinileta huku."

Mama Jackie aliuliza mara tatu, na mara tatu akajibiwa hivyo hivyo mpaka mwisho. Lile aliloulizwa Mercyline hakuwa ameliandika. Ajwang alimletea maji. Aliishika glasi vizuri kwa mikono miwili, na muda wake ulipokwisha akaiweka juu ya benchi ikiwa imejaa, akatoka. Mama Jackie alilia pale pale, kwa sauti, na mteja aliyekuwa anajaza fomu ya leseni akasogeza kiti kidogo kumpisha.

Alipomaliza kulia alimwambia Ajwang aandike, na iwekwe mahali watu wote wataiona. Wakaandika: Mlango Wazi ndio Njia Nyeupe, pale Hurlingham juu ya mapazia. Namba ni ile ile. Usimpeleke mtoto wako. Mimi ni mama, Uthiru.

Kisha alikwenda kwa mzee Mwaura. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, hakushtuka hata kidogo.

"Mama Jackie, si tuombe tu? Hao watu ndio walitununulia viti."

Alhamisi Jackie hakusafiri. Mama yake alikuwa ameificha pasipoti ndani ya gunia la viazi. Jackie alijifungia chumbani siku mbili, na nafasi yake ikachukuliwa na msichana wa Kinoo. Jumapili yule wa Kinoo alitangazwa kanisani na watu wakapiga makofi, wakiwa wamekaa kwenye viti vipya. Mama Jackie hakupiga. Gunia nalo alikuja kulikuta limefunguliwa, viazi viko, pasipoti haiko.

Wiki mbili baadaye, saa nne asubuhi, alikuwa anakaanga vitunguu akajikuta kwenye foleni. Ilikuwa imepita bucha, imekata kona ya kanisa, imefika kwenye mtaro wa maji machafu. Mbele yake fundi mmoja alikuwa amekuja na malalamiko kuhusu mapazia. Mama Jackie alihesabu vichwa. Alikuwa wa arobaini na moja, na mkononi ana mwiko. Akageuka nyuma. Wa arobaini na mbili alikuwa Mercyline.

Alitaka kumsalimia, sauti ikakataa, maana zamu yake ilikuwa haijafika. Mercyline alimshikia mwiko ili afunge leso vizuri.

Foleni ilisogea mara tatu, kisha ikavunjika. Waliokuwa mbele wakaanza kuondoka, wale wa suti wakicheka, na Mama Jackie akasogea mpaka karibu na dirisha la saiba. Kutoka ndani akasikika Ajwang akisema, "Shuka chini zaidi, kuna wengine," na mteja akajibu, "Hao wametosha." Mteja akatoka na fomu mpya iliyochapishwa. Juu iliandikwa Upeo Ajira, Hurlingham. Chini kulikuwa na namba ya simu, ile ile.

Alikuwa Jackie. Alipita upande wa duka la mbolea, hakugeuza shingo.

Mama Jackie aliporudi vitunguu vilikuwa mkaa. Alizima gesi, akaingia chumbani. Jackie alikuwa anakunja nguo, sanduku liko wazi kitandani.

"Ulisikiliza wangapi?" mama yake aliuliza.

"Watatu."

"Mimi nilikuwa wa arobaini na moja."

"Najua, mum. Nilikuona kwa dirisha, na mwiko wako." Jackie alikunja blauzi, akaipiga pasi kwa kiganja. "Hao wa nyuma wote wananiambia nisiende. Lakini hakuna hata mmoja ako na kazi ya kunipa."

Mama Jackie alitafuta la kumjibu. La kwanza lililomjia lilikuwa uongo. La pili pia, na la tatu. Akaendelea kungoja, amesimama na mwiko wake, na yale ya nyuma hayakufika. Jackie akamnyooshea ncha mbili za shuka. Mama Jackie akauweka mwiko chini, akazishika, wakakunja pamoja.