Viza ya Kivuli

Jumamosi ya kwanza ya Juni, Clementina alikwenda uwanja wa ndege wa Arlanda, Stockholm, kumpokea mama yake. Alikuwa na kanga begani, chupa ya chai mkononi na mtoto wake mchanga, Alma, kifuani. Mumewe, Juvénal, alisimama mbali kidogo na kigari cha mtoto, karibu na duka la maua. Abiria wa ndege ya Addis Ababa walitoka wakisukuma masanduku yao, wakakumbatiwa, wakaondoka. Mwisho kabisa, pale sakafu inapong'aa, kilitoka kivuli cha mwanamke mfupi aliyejifunga kilemba, kimebeba kivuli cha kikapu.

"Shikamoo Mama, karibu," alisema Clementina, akapiga goti.

Kivuli kilipita juu ya magoti yake polepole. Hakikuwa na sauti, lakini salamu ilifika.

Mama huyo ni Mwalimu Vumilia wa Mbinga, mstaafu wa shule ya msingi. Aliomba viza ili aje kumtunza binti yake aliyejifungua, kama akina mama wote wanavyofanya. Ombi likakataliwa, kwamba hakuna hakika mwombaji atarudi kwao. Mwalimu alikuwa na shamba la kahawa, nafasi ya mbele katika kwaya, na ugomvi wa mpaka na jirani ambao asingeuacha kwa dhahabu ya dunia nzima. Hayo hayakutosha. Kivuli chake, hata hivyo, kilikubaliwa. Wahusika walieleza kwamba kivuli kimeshikamana na mwenyewe, kwa hiyo lazima kirudi. Kilipewa viza ya utalii, na mtalii akija hutalii: siku ya kuondoka kingeulizwa kimeona nini.

Clementina alitaka mambo mengine kabisa. Alitaka kukandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa ulezi wenye pilipili manga. Zaidi ya yote alitaka Alma abebwe. Watoto wote wa ukoo walikuwa wamelala mgongoni kwa Mwalimu, hata wale watundu, isipokuwa Alma. Mwalimu alikuwa akisema mtoto wa namna hiyo bado yuko njiani, hajafika.

Basi wakaenda kutalii.

Juvénal ni mtu wa Bujumbura, dereva wa malori huko Södertälje, na amelelewa vizuri. Kwao mkwe hasogelewi ovyo, sembuse kukanyagwa. Katika nyumba yao ya kupanga pale Husby, yenye vyumba viwili na jua linaloingia mpaka chini ya meza, hilo halikuwa jambo jepesi. Alijifunza kutembea ubavu ubavu akiuegemea ukuta. Kabla ya kuingia sebuleni alikohoa, akawasha taa, akangoja kidogo, ndipo akaingia. Kwenye treni ya chini ya ardhi alisimama ametanua mikono juu ya kivuli cha mkwewe.

"Ursäkta, ursäkta," aliwaomba samahani abiria. "Ni mama mkwe."

Abiria waliinua miguu na kuomba radhi. Waswidi hawapendi kuulizana maswali ndani ya treni.

Walianza na mji wa kale, Gamla Stan, wenye vichochoro vyembamba kiasi kwamba kivuli kililazimika kupanda ukutani ili watu wapite. Wakaenda kwenye kasri la mfalme kuangalia askari wakibadilishana zamu kwa muziki na farasi. Kivuli kilisimama mstari wa mbele, na hakuna aliyelalamika kwamba kimemziba. Wakaenda kuona meli ya Vasa, ile iliyozama siku ileile ilipoanza safari, ikakaa karne nyingi chini ya maji. Humo ndani mna giza la makusudi ili mbao zisiharibike. Kivuli kikapotea. Walikitafuta ghorofa zote, Clementina roho juu, mpaka wakakikuta chini ya taa za duka la zawadi, kimetulia kwenye rafu ya vikombe.

Jioni Mwalimu alipiga simu kutoka Mbinga, kama alivyofanya kila jioni, maana lolote lililokigusa kivuli lilimfika yeye.

"Mawe ya mitaa yenu yamenimaliza nyayo," alisema, akiwa ameketi jikoni kwake. "Na kuna mtu amenidondoshea aiskrimu hapa bega la kushoto. Lakini ile meli! Mizigo yote juu, chini hakuna kitu. Hata mtoto wa darasa la pili angewaambia."

Majirani wa Mbinga walimwona akikatiza uwanja wa kanisa saa saba mchana bila kitu chochote chini yake, wakamwambia, "Pole na safari, Mwalimu." Wengine walianza kuagiza zawadi. Jirani wa mpaka aliagiza kofia.

Siku za mawingu kivuli hakikuonekana. Hizo zilikuwa siku za kukaa ndani na kuangaliana. Jua liliporudi walipanda meli mpaka Mariefred, kuangalia ngome ya Gripsholm yenye minara minene myekundu. Kivuli kiliangukia majini gatini, na Mwalimu akashikwa na mafua. Wakaenda Uppsala, wakaliona kanisa kuu lenye minara inayochokonoa mbingu, kisha vile vilima vya nyasi ambamo wafalme wa zamani wamezikwa. Kivuli kilipanda kilima na kushuka upande wa pili bila kuhema.

Jioni hiyo sauti ya Mwalimu ilikuwa kavu.

"Nimeona wafalme, mwanangu. Walio hai na waliokufa. Mjukuu wangu yuko wapi?"

"Mama, si tuko naye kila siku?"

"Naona kivuli cha kigari tu, kimefunikwa kama chungu. Na huyo mume wako, kila nikisogea anakimbia na mtoto kana kwamba nina ndui. Nimekuja kwa ajili ya mawe?"

Clementina alikata simu, akakaa kitandani, akaona mambo yote kwa pamoja. Katika matembezi yote Juvénal ndiye aliyesukuma kigari, na kwa heshima zake alikisukuma upande wa pili wa barabara; hata nyumbani alimlaza Alma chumbani, nyuma ya pazia. Tena kofia ya kigari ilikuwa imeshushwa, kwa kuwa wauguzi wa kliniki walisema jua la Juni linaunguza. Kivuli cha kigari kilikuwa kimekimeza kivuli cha mtoto. Bibi alikuwa amevuka bahari na jangwa, na hakuwa amemgusa mjukuu wake hata kidole. Clementina aliona uchungu, na aliona aibu zaidi.

"Unamkimbia mama yangu," alimwambia mumewe.

"Mimi? Ninamheshimu, chérie! Chez nous, kwetu kule, mkwe ni mkwe. Unataka nimukanyage?"

"Heshima yako imemnyima mtoto."

Juvénal alijikuna kidevu. "Bon," alisema mwishowe. "Nitamukabizi mimi mwenyewe. Kwa mikono miwili."

Kesho yake kukawa na mawingu. Kesho kutwa mvua. Viza ya kivuli ilikuwa inaelekea ukingoni, na anga ya Stockholm, ambayo huwa na adabu mwezi wa Juni, ilijifanya hamnazo. Clementina alikuwa akisimama dirishani tangu alfajiri, akilisengenya wingu moja baada ya jingine.

Siku ya mwisho walikwenda Sigtuna hivyo hivyo, chini ya anga ya kijivu, kwa treni na kisha basi. Sigtuna ni mji mdogo wa zamani sana, wenye nyumba za mbao za rangirangi, mawe yaliyochorwa maandishi ya kale, na makanisa yaliyobomoka paa. Hawakujua kama Mama yuko nao au la. Clementina alimwonyesha vitu hata hivyo. "Hili ni kanisa, Mama. Hiki ni kibanda cha kahawa." Walikula keki kando ya ziwa Mälaren. Alma alilia mchana kutwa, hakutaka ziwa wala keki wala baba yake.

Jioni, walipokuwa kwenye majani ndani ya kanisa moja lililobomoka, mawingu yalipasuka upande wa magharibi. Jua liliingia chini chini, na kila kitu kikarefuka. Kivuli cha Mwalimu kilikuwa palepale, kimelala kuanzia miguuni kwa Clementina mpaka ukutani, na kilemba chake kilifika dirisha lisilo na kioo.

Juvénal alivua viatu. Alimtoa Alma kwenye kigari, akamvua kofia, akamshika kwa mikono miwili. Aligeuza uso pembeni, kama inavyompasa mwanamume kwa mkwewe, akaingia ndani ya kivuli kwa mara ya kwanza tangu Arlanda. Akapiga goti.

"Maman," alisema, akiangalia ukuta. "Mutoto wako huyu hapa."

Kivuli cha Alma kiliangukia mgongo wa kivuli cha bibi yake. Clementina alitanua kanga juu, mbele ya jua, ili nayo iwe na kivuli. Kivuli cha Mwalimu kilikipokea, kikainama, kikamtupia mtoto mgongoni kwa mtikiso mmoja, kikapitisha kanga chini ya kwapa, kikafunga fundo kifuani. Mikononi mwa baba yake, Alma alinyamaza katikati ya kilio na kulala. Karibu nao kundi la watalii lilikuwa likipiga picha jiwe la maandishi.

Mbinga ilikuwa giza tayari. Mwalimu alikuwa akichambua maharage. Aliusikia uzito, akaacha maharage, akanyoosha mgongo.

"Ni mzito," alisema kwenye simu. "Mzito, mama yangu."

Asubuhi yake Arlanda, kivuli cha mtoto kilikuwa bado kimelala mgongoni. Mtoto aliyelala hafunguliwi kanga, hilo hata Juvénal alilijua. Clementina alinyoosha mkono, akaurudisha. Ofisa aliinama akauliza kivuli kimeona nini, naye Clementina akajibu kwa niaba yake: kasri, meli, ngome, makaburi ya wafalme. Ofisa aliridhika. Kuhusu kivuli kidogo alibonyeza kompyuta yake, akaona ni raia wa Uswidi, akasema kinaweza kwenda kokote kinakotaka. Kiliposhuka upande wa pili, nchini kwa bibi yake, kilipewa viza palepale dirishani, huku maofisa wakikitania kwamba kimenona.

Tangu hapo Alma hakuwa na kivuli. Muuguzi wa kliniki alimpima, akaona uzito unapanda vizuri, akashauri waendelee na matone ya vitamini D. Majira ya baridi yalipofika hakuna aliyeona tofauti, maana Desemba hakuna mtu Stockholm mwenye kivuli cha kujivunia.

Mwezi wa kwanza Clementina alituma ombi jipya, safari hii la mama yake mzimamzima. Lilikataliwa. Hakukuwa na hakika mwombaji atarudi kwao. Waliongeza kwamba kivuli kinakaribishwa tena wakati wowote, na kwamba kisiwa cha Gotland kinapendeza sana wakati wa kiangazi.

Mwezi wa tano, asubuhi moja, simu ililia.

"Ametembea!" Mwalimu alikuwa akipiga kelele. "Kutoka kwenye kinu mpaka mlangoni! Peke yake!"

Clementina alimtazama Alma, aliyekuwa ameketi sakafuni Husby akitafuna kijiko. Alma aliweka kijiko chini, akasimama, akatembea mpaka dirishani bila kuyumba, kama mtu aliyekwisha kufanya mazoezi.

"Na huku pia, Mama. Sasa hivi."

"Anaanguka?"

"Haanguki."

"Huku anaanguka sana," alisema Mwalimu, na sauti yake ikashuka. "Nakimbia kumwinua, lakini halii. Kivuli hakina sauti, mwanangu. Sijui kama ameumia. Hebu nisogezee simu, nisikie anavyolia."

Clementina alipiga magoti, akamsogezea Alma simu mdomoni. Lakini Alma siku hiyo alikuwa na furaha zake, akailamba simu, hakulia hata kidogo. Aliyelia ni Clementina. Mama yake alimbembeleza kutoka Mbinga, "Nyamaza, mwanangu, nyamaza," mpaka simu ikaisha chaji.