Jirani wa Kumsemea

Nyama ilikuwa jikoni na mlango umekomewa. Mpiga Pasi alikuwa ameziba dirisha kwa shuka la mteja, akasukuma blanketi kuukuu chini ya mlango, na juu ya kifuniko cha sufuria akaweka pasi yake ya mkaa ili mvuke usipate pa kutokea. Moshi ulimwingia machoni. Kichwa kilikuwa kimeanza kumgonga, na alijua vizuri kwamba kuna watu waliokufa vyumbani mwao kwa kufungia jiko la mkaa ndani. Na bado harufu ilitoka. Nyama, jamani, huwezi kuiambia itulie.

Binti yake alikaa kitandani akichezesha miguu. Wapangaji walimwita Chiriku kwa jinsi mdomo wake usivyojua kupumzika, lakini jioni hiyo alikuwa ameamriwa kunyamaza, naye alinyamaza kwa taabu, kama mtu aliyebana chafya. Mkono wake wa kulia alikuwa ameuficha mapajani, kama kawaida yake. Vidole vya mkono huo vilikuwa vimegandana. Mtoto alikuwa na kifafa, na kipindi fulani vidonge vilikwisha, Mpiga Pasi, mama yake, akatoka nje kidogo tu kuanika nguo, aliporudi akamkuta ameangukia jiko.

Tangu hapo Mpiga Pasi hakufanya mzaha na vidonge. Asubuhi na jioni, mvua inyeshe jua liwake. Zahanati walikuwa na jibu moja tu, dawa hakuna, nenda ukanunue, na kwa nguo za watu anazonyoosha kando ya barabara asingeweza kununua hata za wiki. Vidonge vilitoka Nyumba ya Huruma, ile ya kanisa, pale barabara inapoishia. Siku Nyumba ya Huruma ikimkataa, mtoto anarudi motoni. Hayo si maneno ya kutisha watu, ndivyo mambo yalivyokuwa.

Na Nyumba ya Huruma haikutaka makaratasi. Walijivunia hilo. Ofisi nyingine zinakudai barua ya huyu na mhuri wa yule, wao walitaka jirani tu. Kila baada ya muda watu wanakusanywa ukumbini, Mama Mlezi, mkuu wa nyumba hiyo, anakuita mbele, kisha anauliza, kwa ile sauti yake ya kubembelezea watoto, ni nani anayekusemea. Jirani yako wa ukutani, yule mnayesikilizana mkikohoa, ndiye anayesimama na kusema alichokiona kwako. Mnakula nini, nani anawatembelea, mnajifunika nini. Akisema huna mbele wala nyuma, unaendelea kuhudumiwa. Akikaa kimya, ndio basi tena.

Kwa hiyo mtaa mzima ulikuwa umejifunza kujificha. Aliyepata shuka jipya alilitandika chini ya lile lililochakaa. Kinyozi mmoja alipewa rangi ya bure akapaka mlango wake, halafu akili ikamrudia, akashinda siku nzima anaikwangua kwa kisu. Takataka watu walikwenda kuzitupa kwenye majalala ya mbali, maana kuna mzee aliyeondolewa kwa sababu ya manyoya ya kuku. Alijitetea kwamba kuku alijifia mwenyewe. Wakamwambia ni sawa, lakini alikuwa na kuku.

Nyama hii ililetwa mchana na kaka yake, utingo wa lori, akaitupa mezani ndani ya mfuko, akasema ampe mtoto, na kabla hajajibiwa alishapanda lori akaondoka. Angejuaje? Kwake haikuwa hatari kula.

Upande wa pili wa ukuta alikaa Mama Redio, aliyeitwa hivyo kwa kuwa habari zote za uwanja wao wa wapangaji zilianzia kwake. Ukuta wenyewe uliishia kabla ya kufika kwenye bati, kwa hiyo walilala kama watu wa chumba kimoja. Mume wake, Mzee, alipigwa na kiharusi, akawa wa kulala na kugeuzwa. Nyumba ya Huruma ilimpa Mama Redio unga na nepi za watu wazima. Katika uwanja ule ni milango yao miwili tu iliyohudumiwa, na walikuwa wakisemeana, huyu kwa yule, bila hata kuombana. Chiriku akianguka, Mama Redio ndiye aliyekuja mbio kumlaza ubavu. Mzee akitaka kugeuzwa, Mpiga Pasi alishika mabega.

Harufu ilipovuka, kijiko cha Mama Redio kiliacha kugonga sahani. Kisha Mpiga Pasi akasikia mtu anavuta pumzi kwa pua, taratibu, mara ya pili na ya tatu. Akachukua bakuli, akachagua minofu, akaifunika kwa kitambaa, akaenda kubisha hodi.

Mama Redio alilitazama bakuli, akamtazama na mwenye bakuli.

"Hii nini tena?"

"Dawa ya kifua."

"Basi kifua changu kinauma sana," alisema Mama Redio, akalipokea.

Baadaye sauti yake ilikuja kutoka juu ya ukuta, ikimwambia jirani yake kwamba yeye hakuona kitu, na kwamba pua yenyewe hana. Wakacheka, kila mtu upande wake, mikono midomoni. Chiriku naye alicheka mpaka akapaliwa na mchuzi.

Hazikupita siku nyingi, Mpiga Pasi akaitwa ofisini kwa Mama Mlezi. Ilikuwa ofisi safi, ina mapazia mazito na picha za wageni waliokumbatia watoto. Mama Mlezi alimmiminia maji kwa mkono wake mwenyewe. Akamweleza kwamba marafiki wa mbali wanaochangia wamepunguza mkono, kwamba amelia sana katika sala, na kwamba kuanzia sasa kila uwanja utabakiwa na mlango mmoja tu.

"Mlango upi, Mama?"

"Sisi hatuchagui, mwanangu. Nani mwenye moyo wa kuchagua kati ya maskini na maskini? Mtachagua ninyi wenyewe, kwa upendo." Akatabasamu. "Nimesikia uwanja wenu ulinukia nyama."

Mpiga Pasi akaiweka glasi mezani.

"Nani amesema?"

"Hapa hatutaji watu. Mimi nataka kujua tu ilipikwa chumba kipi."

"Sijui, Mama."

"Usinijibu sasa. Utasema ukumbini, au utakaa kimya. Kukaa kimya nako ni kusema."

Akampa vidonge. Pakiti ilikuwa nyepesi kuliko siku zote. Vilitosha kufika siku ya ukumbi, basi. Akamwambia amsalimie mtoto, kwamba amesikia anasali vizuri sana katika darasa lao la watoto.

Njiani Mpiga Pasi aliichambua ile nyama nyuzi kwa nyuzi. Nani alijua? Kaka yake alishaondoka. Wapangaji wengine jioni ile walikuwa hawajarudi kutoka makazini. Aliyekula ni mmoja tu, tena alikula akalamba bakuli. Akakumbuka kwamba juzi Mama Redio naye aliitwa Nyumba ya Huruma, akarudi, akaingia ndani bila neno. Mama Redio mzima, amezima. Yaani mtu unampa mnofu, yeye anakupa kamba.

Jioni Mama Redio alimwita kama kawaida wamgeuze Mzee. Alikwenda. Alishika mabega, mwenzake akashika miguu, wakamgeuza. Mzee aliwatazama kwa jicho moja lililobaki na nguvu, akamtazama huyu, akamtazama yule, kama anayetaka kuuliza kitu. Mama Redio alitaka kusema jambo, akaghairi. Mpiga Pasi akaaga.

Siku ya ukumbi watu walijaa mapema. Waliimba, waliomba, Mama Mlezi akawakumbusha kwamba jirani ni macho ya Mungu. Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Chiriku alikaa karibu na mama yake, miguu haigusi chini. Asubuhi hiyo alikuwa amemeza kidonge cha mwisho.

Wa kwanza kuitwa kutoka uwanja wao alikuwa Mama Redio. Aliitwa kwa jina lake la kanisani, ambalo hakuna aliyelizoea, ikabidi lirudiwe. Akaenda mbele, akasimama na mikono imeshikana tumboni.

"Nani anamsemea dada yetu?"

Vichwa vilikuwa vimeshaanza kumgeukia Mpiga Pasi. Alikuwa na neno lake tayari, lile lile la miaka yote. Angelisema hata usingizini. Lakini aliona jiko, akaona ule mkono, akasikia tena ile harufu ambayo si ya nyama ya sufuriani, na akasema moyoni, amenianza yeye. Chiriku akamgusa kwa kiwiko. Hakuinuka. Alitazama sakafu.

Mama Mlezi aliuliza tena. Aliuliza mara ya tatu, polepole zaidi, kwa huruma kubwa. Mama Redio hakumtafuta mtu kwa macho. Alirekebisha kilemba chake tu.

"Haya, dada. Kaketi."

Akarudi kukaa. Hakulia wala hakutoa sauti, na hilo lilimuudhi Mpiga Pasi kuliko angetukanwa.

"Mama, mbona hukusimama?" Chiriku alinong'ona.

"Nyamaza. Yeye ndiye aliyesema habari ya nyama."

"Si yeye. Ni mimi." Mtoto alimtazama mama yake kwa mshangao. "Darasani mwalimu alitaka kila mtu amshukuru Mungu kwa kitu. Nikashukuru kwa nyama. Akawaambia wenzangu wanipigie makofi."

Mpiga Pasi hakujua kama alitaka kumkumbatia yule mtoto au kumfinya. Na kabla hajajua, akasikia anaitwa yeye.

Alitembea kwenda mbele. Chiriku alimfuata, ameshika upindo wa gauni lake kwa ule mkono wenye vidole vilivyogandana, na kuna watu walioguna kwa huruma.

"Nani anamsemea dada yetu?"

Hapo ndipo alipoliona lile ambalo hakulipigia hesabu. Upande mmoja wa chumba chake ni choo cha uwanja. Upande wa pili ni Mama Redio. Hana ukuta mwingine. Alikuwa ameketi pale akimchimbia mwenzake, kumbe anamchimbia mtu pekee aliyebaki wa kumtoa. Mama Mlezi aliuliza mara ya pili, na Mpiga Pasi akaanza kuhesabu ndani ya kichwa chake ni lini mtoto ataanguka, kesho, keshokutwa, na nani atakuwepo.

Kiti kililia. Mama Redio alikuwa amesimama.

"Mimi namsemea," alisema. "Nakaa naye ukuta mmoja. Mtoto wake akianguka nasikia kichwa kinavyogonga sakafu. Huyu hana mbele wala nyuma. Mpeni dawa."

Hili Mama Mlezi hakulitarajia, ilionekana usoni, lakini alikuwa mtu mzoefu.

"Na nyama, dada yangu? Uwanja wenu ulinukia nyama."

Mama Redio alichelewa kujibu. Alikuwa ameshapoteza cha kupoteza, na bado alichelewa, maana kusema hivyo mbele ya watu wote ni kujifungia mlango asipate kuugonga tena hata mwakani.

"Niliipika mimi," alisema. "Huyo mtoto nilimwonjesha tu."

Minong'ono ilizagaa ukumbini. Mama Mlezi alifumba macho, akaweka kiganja kifuani.

"Mmeona, wapendwa? Hatukumhukumu mtu. Ukweli umekuja wenyewe kwa miguu yake. Mungu hakosei mlango."

Watu wakasema amina. Walisema kwa nguvu, hasa wale ambao walikuwa bado hawajaitwa.

"Lakini ile nyama ilikuwa ya—" Chiriku alianza.

Mpiga Pasi alimziba mdomo. Alimziba kwa kiganja chote, akamvutia kichwa tumboni kwake, na mtoto akahangaika kidogo, pumzi yake ya moto ikimpiga mkononi. Wimbo ulianzishwa. Msaidizi mmoja alikuja na pakiti ya vidonge, nzito kama za zamani, akamtilia katika mkono wake wa pili huku akimpongeza.

Mama Redio alipita katikati ya viti akielekea mlangoni. Watu walivuta miguu kumpisha, upesi, kama anayepita na maji ya moto. Alipofika usawa wa Mpiga Pasi akasimama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na ule uso wa mtu mwenye kazi nyumbani.

"Yale matambara yako ya pasi, yaliyoungua, usiyatupe," alisema. "Mzee hana cha kumfunga leo."

Akangoja jibu. Ukumbi ulikuwa unaimba, makofi yameshika kasi, na Mpiga Pasi akaitikia kwa kichwa tu, pakiti mkono huu, mkono ule bado uko mdomoni mwa mtoto.