Kibarua wa Ngome ya Mazimwi

Dancun aliniambia diski ya kompyuta yangu imechoka huku akitafuna mahamri, na hilo lilinikera kuliko habari yenyewe. Kibanda chake cha ufundi kiko Magongo, njia ya uwanja wa ndege. Kila ndege ikishuka mabati hutetemeka, na siku hiyo moyo wangu ulitetemeka nayo.

"Mathe, nitajaribu kuhamisha hiyo gemu kwa hii laptopu," alisema, akiniita mama kwa lugha yao ya vijana, "lakini siahidi kitu."

Gemu yenyewe ni ya zamani, Ngome ya Mazimwi. Sitakudanganya kwamba haina kasoro. Askari wake ni wapumbavu. Ukiwatuma vitani hukwama langoni mwao wenyewe wakisukumana. Miti ikiisha, vibarua husimama wakikodoa macho badala ya kutafuta mingine. Adui naye ni mwizi, anaiona ramani yote hali wewe umefunikwa giza. Lakini nipe mgodi wa dhahabu, msitu na vibarua wachache, nijenge ngome yangu huku mazimwi wakinguruma ng'ambo ya mto, na nitasahau hata chungu jikoni. Hizi gemu mpya zinang'aa tu, hazinitii hofu hata kidogo.

Tena vibarua wangu huitika kwa sauti ya Kitsao, marehemu mume wangu. Alichoka kuwasikia wakiitika Kizungu, akaazima maikrofoni, akajirekodi na kuiweka sauti yake mle ndani. Ukimbonyeza kibarua, anasema, "Labeka." Sina sauti yake nyingine. Simu yake iliibwa wakati wa matanga.

Mimi humbonyeza kibarua mara moja tu. Nyanya yangu Nyamvula alinilea hivyo: mtu akishaitika, mweleze shida yako, kumwita tena ni kumdharau. Kitsao alinicheka sana kwa hilo. Alisema hajapata kumwona mwanamke kama Nyevu wake, anayemwonea haya hata kibarua wa kwenye kompyuta.

Dancun akaunganisha waya. Mstari wa kuonyesha gemu inavyohama ukasogea kwenye kioo, ukasimama. Kompyuta yangu ikaanza kukwaruza ndani, nikasali kimoyomoyo, nikachanganya zaburi mbili. Mstari ukasogea tena hadi mwisho, kisha ile kompyuta ikazimika. Dancun akaiwasha, wapi. Sasa kama gemu haikuingia kwenye laptopu, Kitsao alikuwa amenifia mara ya pili.

Akaifungua gemu kwenye laptopu. Kioo kikawa cheusi. Akabadilisha hiki na kile, rangi zikaja za ajabu, nyasi za zambarau na anga ya kijani. Mwishowe ngome ikatokea sawasawa, na kibarua amesimama kando ya mgodi.

Akambonyeza, na papo hapo ndege ikapita juu yetu. Hatukusikia kitu. Akaongeza sauti, akabonyeza tena, na tena, na tena, kama mtu anayegonga mlango wa mdeni wake. Nilimshika mkono nikipiga kelele kwamba inatosha, asimwite hivyo. Hakunisikia.

Ndege ikaenda zake. Dancun akabonyeza mara nyingine.

"Nyevu," ikasema laptopu, "leo umeuvunja mwiko wa nyanyako. Nimengoja sana. Haya niite, mke wangu, niite mpaka uchoke."

Nikakaa juu ya kreti ya soda. Dancun akaeleza polepole kwamba gemu za aina hii huwa na maneno yaliyofichwa. Kibarua akibonyezwa mfululizo hukasirika na kusema mengine. Kila mchezaji anajua, akasema.

Miaka yote hiyo alikuwa mle ndani na maneno yake aliyonirekodia kwa siri, nami kwa adabu zangu namwita mara moja na kumtuma akakate miti.

Dancun akanisogezea kipanya, akatoka nje na hamri lake. Sikuwa na shida yoyote ya kumweleza Kitsao. Nikamwita tena.