Mji wa Ukutani

Jikoni kwa Leokadia, kule Hagsätra, pembezoni mwa Stockholm, palikuwa na picha ya mji. Si mji wa magari na taa. Mji wa mawe, umekaa juu ya kilima kama kofia kichwani, mnara mmoja katikati na ukuta mnene umeuzunguka. Picha ilitoka kwenye kalenda ambayo mumewe, Evodius, alipewa na Mtaliano aliyefanya naye kazi karakana ya treni. Mwaka ulikwisha, kalenda ikatupwa, ukurasa ule ukabaki ukutani ukila mvuke wa ndizi na maharage mpaka anga yake ikawa ya manjano.

Mji ule ulikuwa na kesi. Evodius na mkewe walikuwa watu wa vitendawili, tangu Bukoba walikozaliwa, na Ulaya haikuwatoa tabia hiyo. Sahani zikishaondolewa, mmoja atasema "Kitendawili!" na mwenzake ataitikia "Tega!" hata kama mdomo umejaa. Na mwenye kushindwa, unajua mwenyewe, hutoa mji. Mtegaji huupokea, akajisifu alivyokwenda huko akala na kunywa, ndipo atoe jibu. Leokadia alishatoa Muleba, akatoa Kemondo, siku moja ya ukarimu akatoa Mwanza nzima. Evodius hakutosheka.

"Nipe ule wa ukutani."

"Ule siutoi, Baba Dativa. Nikikupa utahamia huko, mimi nitabaki na nani?"

"Utakuja kunitembelea."

"Kwa nauli ya nani? Chukua Mwanza, ushukuru."

Basi wakacheka hivyo miaka na miaka, na Roccamora, maana ndilo jina lililoandikwa chini ya picha, ikabaki haina mwenyewe.

Januari ya mwaka 2009 kifua kikamlaza Evodius hospitali. Leokadia alikaa kando ya kitanda, koti hajavua. Evodius akafungua jicho moja.

"Kitendawili."

"Tega, ila usijichoshe."

"Asubuhi tulitoka wawili. Jioni tulirudi wawili. Mchana nilikuwa peke yangu, na mwenzangu hakuniaga."

Leokadia akawaza. Akataja mwezi, sivyo. Akataja umande, sivyo. Evodius akatabasamu, akanyoosha kiganja juu ya shuka kama mtu anayengoja chenji.

"Nipe mji. Unajua upi."

"Huupati. Nakwenda kulala nacho, kesho nakuletea jibu."

Kesho yake alikuja na uji kwenye thamosi, akakuta kitanda kimetandikwa.

Tangu hapo hakulia. Si kwamba alijikaza. Kwao kilio huanza saa ile ile. Majirani huingia na kilio chao, wewe unaunganisha tu. Hapa Stockholm mtu hufa, halafu mnapewa tarehe. Wiki zilipita, Evodius yuko kwenye baridi ya hospitali, Leokadia yuko sebuleni, na kilio kikapoa kabla hakijatoka. Siku ya kumzika pale Skogskyrkogården alisimama mkavu katikati ya misonobari, akiangalia kifungo cha koti la padri kilichokaribia kukatika.

Jirani yake Léontine, Mkongo wa Bukavu, mama mwenye sauti ya kuamsha jengo zima, alimjia baada ya misa.

"Mama Dativa, lia kidogo, je! Hata ya bongo, ya kudanganya tu. Bamama ba kanisa banakuangalia."

"Wacha waangalie."

"Unataka nikufinye?"

"Finya."

Léontine akamfinya mkono, akamfinya kwelikweli. Wakatazamana.

"Umesikia?"

"Nimesikia kama unamfinya mtu mwingine."

"Mon Dieu," Léontine akasema, na mara hii kwa sauti ya chini.

Ikawa hivyo. Chakula kilikuwa kama kutafuna karatasi. Theluji ikayeyuka, miti ikatoa majani, watu wakavua makoti, Leokadia akaona yote hayo kama mtu anayetazama televisheni ya jirani kupitia dirishani. Kilichomkaa kichwani kilikuwa kitu kimoja tu: kitendawili hakijajibiwa, na mji haujatolewa. Kimoja kati ya hivyo viwili lazima kifanyike, vinginevyo mchezo haujaisha, na mtu hawezi kuaga katikati ya mchezo.

Juni, binti yake Dativa akaja kutoka Sundbyberg na tiketi.

"Mama, tunakwenda." Akaonyesha ukuta kwa kidevu.

"Kufanya nini?"

"Kutembea. Kuona."

"Nimeshauona. Huo hapo."

"Mama!"

"Haya, tutakwenda. Usinipigie kelele, mimi siyo kiziwi, nimechoka tu."

Wakaenda Italia. Roccamora ilikuwa pale pale ilipochorwa, ila anga yake buluu. Basi liliwaacha chini, maana njia za juu ni nyembamba hata punda wawili hawapishani. Wakapanda ngazi za mawe zilizolika katikati kama sabuni ya zamani. Dativa alikuwa na kitabu cha watalii, anasoma kwa sauti: lango hili lina miaka mia saba, kisima hiki kilichimbwa wakati wa vita, watu walijifungia humu na mbuzi wao. Leokadia akaitikia "aha" kila mahali. Kanisani kulikuwa na picha ya siku ya mwisho, mashetani wanawachoma watu kwa uma, akaitikia "aha." Walizunguka ukuta wote kwa nje, kwenye njia ya wapanda milima, mizeituni huku na bonde kule. Vijana wa baiskeli wakawapita na kofia zao, wakapunga mikono. Dativa akapunga. Leokadia akaangalia mkono wake mwenyewe, ukabaki chini.

Kwenye mkahawa wa uwanjani waliletewa kahawa kwenye vikombe vya kuchezea watoto. Leokadia akatoa kwenye mkoba kifuko cha majani ya mgomba, akachukua buni zilizochemshwa na kukaushwa, zile za kwao za kutafuna, akaweka mbili mdomoni. Mwenye mkahawa, mzee mwenye masharubu, akasimama na sinia yake.

"Anauliza unakula nini," Dativa akasema, maana mzee aliongea kwa mikono.

"Mwambie kahawa. Yeye anaiosha kwa maji, mimi naimaliza."

Akampa mzee moja. Mzee akaitafuna, uso ukakunjamana wote, kisha akaweka mkono kifuani kwa heshima na kwenda kuitema nyuma ya mlango. Dativa akacheka mpaka akalaza kichwa mezani. Akainua macho kumtazama mama yake, kama anayechungulia chungu kuona kama kimechemka. Bado.

"Umebaki mnara," Dativa akasema polepole. "Unaweza?"

"Miguu inaweza."

Juu ya mnara hapakuwa na mtu. Jua lilikuwa limesimama karibu na utosi, lile jua ambalo Leokadia hakuwa ameliona juu ya kichwa chake kwa muda mrefu. Dativa akaenda ukingoni kupiga picha. Leokadia akainama kufunga kamba ya kiatu, na hapo ndipo alipoona. Chini yake, kati ya viatu viwili, palikuwa na kidimbwi kidogo cheusi, kimejikunja kama mbwa aliyelala. Kivuli chake. Kimeingia miguuni, hakipo tena ubavuni.

Asubuhi wawili. Jioni wawili. Mchana peke yangu.

Kumbe. Kitendawili cha Bukoba! Kule mchana kivuli hupotea kabisa, kila mtoto anajua. Lakini mchana wa Januari wa Stockholm, jua likipata kuonekana, kivuli cha mtu huvuka barabara, kikapanda ukuta wa nyumba ya pili. Angekipataje pale kando ya kitanda, na koti lake hajavua? Evodius alijua. Mjanja yule, alimtegea mke wake kwa jua ambalo nchi haina.

Jibu likamjaa mdomoni pamoja na uchungu wa kahawa. Akalifungulia midomo. Akaifunga.

Maana sheria ni sheria. Ukijibu, umeshinda, na hutoi mji. Akilitamka hapa, Evodius amekosa mji, na atakuwa amekosa milele.

Akalimeza.

"Mama? Uko sawa?"

"Twende nyumbani, mwanangu. Nina kazi."

Siku ile waliyorudi hakutaka kupitia Hagsätra kwanza. Walishuka Gullmarsplan na masanduku yao, wakabadili treni, wakaenda makaburini. Jua la jioni lilikuwa limelala kati ya misonobari. Kwenye kaburi palikuwa na majani mabichi na taa ndogo iliyozimika. Leokadia akasimama, mkoba mbele, kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa.

"Baba Dativa. Kile kitendawili, nimeshindwa." Akapumua. "Nakupa Roccamora. Yote."

Akangoja. Hapo ndipo mpewa hujisifu, na mpewa alikuwa kimya. Ndege mmoja alisema jambo lake. Leokadia akaona kwamba hapana, mchezo hauwezi kukwama hapa. Akajisifu kwa niaba yake.

"Roccamora nilikwenda," akasema. "Nikaingia kwa lango la miaka mia saba. Nikanywa maji ya kisima cha vita. Nikazunguka ukuta wote, mizeituni huku, bonde kule, vijana wa baiskeli wakanipungia, nikawapungia." Mkono wake ukapanda wenyewe. Dativa akaweka sanduku chini. Alidhani mama yake hakuona kitu. "Nikaona mashetani wana uma. Nikampa mzee wa masharubu buni, akaitema nyuma ya mlango, akadhani sijamwona. Nikapanda mnara. Na juu ya mnara nikamngoja mke wangu, maana nilimwambia atakuja kunitembelea, na akaja, na..."

Akaugusa mkono wake pale Léontine alipomfinya kipindi kile cha baridi, akapasugua, kama panauma.

"Mama," Dativa akanong'ona. "Jibu lilikuwa nini?"

Jua lilikuwa nyuma ya Leokadia. Kivuli chake kilitoka miguuni, kirefu, kikapita juu ya majani, kikalala juu ya kaburi lote mpaka kwenye jiwe.