Ukuta wa Kuzuia Paka

Mume wangu ni fundi plasta, na kama unatafuta ugomvi, mwambie ukuta wake una kidonge. Siku hiyo hatakula. Mtaa mzima wanamwita Fundi Chekeche, kwa sababu mchanga wake lazima upite kwenye chekeche mpaka ulainike kama unga wa uji wa mtoto. Wenzake wanachekecha mara moja, wanaendelea na maisha. Yeye akimaliza analitazama rundo, anaguna, anaanza upya. Nimeishi naye mpaka watoto wamekua wakahama, na sijamwona akiridhika na kitu chochote isipokuwa plasta yake mwenyewe.

Halafu goti likamgomea. Daktari akamwambia asipande tena majukwaa ya ujenzi, akae nyumbani apumzike. Apumzike! Alipumzika kwa kupanga sufuria zangu kwa urefu na kunifundisha namna ya kufagia. Mimi ni mshonaji, cherehani yangu iko kwenye baraza ya nyuma, na mshonaji anayesimamiwa kichwani hashoni, anajidunga vidole tu. Nikamwambia, "Baba watoto, uwanja wa nyuma ule pale. Nenda kalime, uniache hai."

Nimpe haki yake: bustani ile aliilima kwa ajili ya mama yake. Mama meno yamemwisha, anachopenda ni mchicha mchanga uliopikwa ukalainika. "Mama yangu hatalishwa mboga za juzi za sokoni," alisema, na hapo nilimpenda kidogo. Mama anakaa nyumba ya pili, kwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Kiwanja kilikuwa cha baba yao, wakagawana, na katikati palikuwa na ua wa michongoma wenye kigeti kidogo cha mbao. Kila asubuhi Mama alipita kwenye kigeti kile na mkongojo wake, akakaa kando ya cherehani yangu, tukanywa chai na kumsema mwanawe. Mwanamke anayeweza kumsengenya mumewe mbele ya mama mkwe, na mama mkwe akaongezea chumvi, huyo ajihesabu amebarikiwa. Mama yangu mzazi hayupo duniani. Huyu ndiye niliyebaki naye, na asubuhi zile nilizipenda kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Basi, bustani. Badala ya kulima kama watu wanavyolima, Fundi akatoa chekeche. Haki ya Mungu tena! Akauchekecha udongo wote, akausawazisha kwa kibao cha kulainishia plasta, akauwekea pimamaji juu kuona kama umelala sawa. Likatokea tuta laini, kavu, halina jiwe wala kijiti. Akapanda mbegu, akanawa mikono, akaniita nije kusifu.

Kesho yake paka wa wifi wakaja nao kusifu.

Wifi ana paka wengi, na mkubwa wao ni dume jeusi lenye shingo nene, mtaani wanaliita Mwenyekiti. Mwenyekiti alipenya chini ya kigeti, akaingia katikati ya tuta, akachimba kishimo kwa adabu, akachuchumaa huku akitazama mbali kama mtu anayefikiria maendeleo ya mtaa. Akafukia, akaondoka. Nyuma yake wakafuata wajumbe. Mume wangu alipoingiza mkono kwenye udongo kuangalia kama mbegu zimeota, alikutana na alichokutana nacho, na sitakitaja, huenda mnakula.

"Wamejisaidia!" alipiga kelele. "Paka wa dada wamejisaidia kwenye mboga za Mama!"

"Baba watoto," nikamwambia, "paka anatafuta nini? Udongo mkavu, laini, usio na jiwe. Wewe umewajengea choo. Uache udongo uwe na mabonge, uchomeke vijiti karibu karibu, utandaze nyasi. Hakuna paka anayechuchumaa juu ya vijiti."

Mama alikuwa pale na kikombe chake. "Msikilize mkeo," akasema. "Mimi nimelima na paka wakiwa tele. Tuta langu lilikuwa na mabonge kama hicho kichwa chako."

"Mama, mimi ni fundi. Nikiacha mabonge watu watasemaje?"

Watu gani hao wanaokwenda kukagua mabonge ya mchicha, mpaka leo sijaambiwa. Akauondoa udongo uliochafuliwa, akachekecha mwingine, laini zaidi ya ule wa kwanza. Wateja wakaongezeka.

Hapo ndipo alipoanza kuomba ushauri kwa kila mtu asiye na bustani. Muuza nyama wa kona akamwambia anyunyize pilipili ya unga. Akanyunyiza akiwa ameuelekea upepo, fundi wa miaka yote hiyo, akalia mchana kutwa macho mekundu, Mwenyekiti akimwangalia kutoka kwenye paa. Kinyozi akamwambia paka huogopa chupa za maji zinazometameta juani. Akazipanga chupa kuzunguka tuta, kwa kamba, zikanyooka hata askari wa gwaride wangeona wivu. Paka walizipenda sana, wakawa wanajikunia migongo. Kisha akasikia habari za maganda ya machungwa. Tukala machungwa asubuhi, mchana na jioni, midomo ikachubuka, mpaka Mama akaomba poo. Paka wakayafukia maganda pamoja na mambo yao mengine.

Sikio la kufa halisikii dawa. Siku moja akasimama kwenye michongoma, mikono kiunoni.

"Dada! Wafunge paka wako!"

Wifi alikuwa anaanika nguo. Hakugeuka. "Nikufunge wewe kwanza. Tangu uache kazi huna la kufanya, unahesabu mavi ya paka."

"Ni uchafu! Unakosa ustaarabu!"

"Ustaarabu?" Sasa akageuka, na sauti akaipandisha ili isipotee bure. "We mtoto, wewe umenikojolea kitandani mpaka unakaribia kuota ndevu. Nani alikufunga?"

Majirani walicheka. Nami nilicheka, nilikuwa na pini mdomoni, nusura niimeze. Lakini mtu mzima kuvuliwa nguo hadharani si mchezo. Mume wangu akaingia ndani bila neno, na mume wangu akinyamaza, ujue kuna tofali litanunuliwa.

"Najenga ukuta," akasema jioni.

"Na kigeti?"

"Hakuna kigeti. Paka wanapita hapo."

"Na Mama anapita hapo."

"Mama atazunguka barabarani."

"Barabarani kuna mtaro, baba watoto. Mama na mkongojo wake aruke mtaro, malori yanapita?"

"Nitaweka ubao juu ya mtaro. Mbona unapenda kukuza mambo?"

Nilimwendea wifi, nikidhani kwamba yeye ndiye mwenye akili zilizobaki. Wapi! Walinyonya ziwa moja. "Ajenge," akasema. "Ajenge mpaka mawinguni, na mimi nipumue." Mama hakuulizwa na yeyote kati yao.

Akafyeka michongoma, kigeti akakitupa kwenye kuni, goti likapona ghafla. Akajenga. Akapiga plasta. Na lazima niseme ukweli, ulikuwa ukuta mzuri, umenyooka, ukiupapasa unateleza kama shavu. Muuza nyama alikuja kuutazama, kinyozi akaja, mpaka mafundi aliofanya nao kazi zamani wakaja wakatikisa vichwa. Mume wangu alitembea kama bwana harusi. Ubao wa mtaroni hakuuweka. Alikuwa na wageni.

Asubuhi ya kwanza tukakaa barazani na chai, ukuta mbele yetu. Mwenyekiti akatokea juu yake. Zamani alikuwa anainamisha kichwa kukwepa miba ya michongoma. Sasa amejengewa barabara ya lami. Akatembea mpaka katikati, akajinyoosha, akaruka chini, akaenda moja kwa moja kwenye tuta. Wajumbe wakafuata, mmoja mmoja. Mume wangu akaweka kikombe chini, akasema, "Watazoea."

"Watazoea nini?" nikamuuliza. Akaenda kuupapasa ukuta wake, na mimi nikanuna.

Mama hakuja. Nikakunja gauni, nikazunguka barabarani, nikaruka mtaro, lori likanipigia honi ya kunitukana. Nikamkuta Mama amekaa kitandani. "Ni miguu tu, mwanangu," akasema. "Nitakuja." Wifi alisimama mlangoni amefunga mikono kifuani. "Mwambie mumeo amefaulu," akaniambia.

Kesho yake hakuja. Na kesho yake. Kiti kando ya cherehani kilibaki kitupu, nikashona mkono wa blauzi ndani nje, nikaufumua, nikaushona tena ndani nje. Nilimkumbuka Mama mpaka kifua kikauma. Na mume wangu nilimchukia, nasema waziwazi, nilimchukia hasa kila alipochukua ndoo kwenda kuumwagia ukuta wake maji. Plasta mpya lazima ilishwe maji isije ikapasuka, hilo nalijua, nimeolewa na fundi. Lakini mtu anayeubembeleza ukuta na mama yake hajamwona! Tulikuwa tunakunywa chai kama wageni wa hospitali, vijiko tu ndivyo vilivyosema.

Asubuhi moja alikuwa anaumwagia ukuta maji, Mwenyekiti akampitia juu ya kichwa, akamrushia mchanga machoni. Mume wangu akavua sandali, akaivurumisha kwa hasira zake zote. Ikampita paka, ikavuka ukuta.

"Ala!" ikasema sauti upande wa pili. "Sasa tumefikia kurushiana viatu?"

Mume wangu akaganda. "Mama?"

"Ndiyo."

"Unafanya nini hapo?"

"Nimesimama."

"Si unaumwa miguu, Mama?"

"Ya kurukia mtaro sina. Ya kufika hapa ninayo."

Mume wangu akaweka ndoo chini. Akaweka kiganja kwenye plasta, kana kwamba angeweza kumsikia vizuri zaidi kwa mkono. "Ukuta huu ni wa paka, Mama," akasema. "Si wako."

"Paka wote wamekuja huko kwako," Mama akasema. "Aliyebaki huku ni mimi."

Sikungoja asikie vizuri. Nikaingia stoo, nikatoka na nyundo kubwa ya kuvunjia mawe.

"Mama, sogea!" nikaita. "Sogea mbali na ukuta!"

"Unafanya nini?" mume wangu akashtuka. "Plasta bado haijakauka!"

"Ndiyo wakati wake."

Nikapiga. Mikono ikaniwaka mpaka mabegani. Nikapiga tena, plasta ikafanya ufa kama mdomo. Mume wangu akanirukia, nikajua sasa tunapigana, baada ya miaka yote hii tunapigana mbele ya mama mkwe. Lakini aliikamata nyundo.

"Hivyo siyo!" akanifokea. "Nani anabomoa kwa kupiga katikati? Utauangusha wote! Unaanza juu, unashuka!"

Mtu yule hawezi kuvumilia kazi mbovu, hata ya kubomoa. Akachomoa penseli sikioni, akatafuta timazi ya kupimia wima mfukoni, akaanza kuchora mlango mahali pale, kushoto mstari, kulia mstari. Nikamtazama. "Fundi," nikamwambia, "mama yako amesimama."

Akaitazama penseli. Akaitupa. Kisha akainua nyundo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akapiga bila kupima. Alipiga vibaya, alipiga kwa kuhema, goti likimtetemesha, matofali yakamwagika pande zote mbili. Upande wa pili nikamwona wifi anayaokota na kuyasogeza pembeni ili Mama apate njia. Pakatokea tundu baya lenye meno meno, ambalo mwanafunzi wa ufundi angefukuzwa kwa sababu yake.

Mama akapita. Alitanguliza mkongojo, kisha mguu, wifi amemshika kiwiko, na mwanawe amempokea upande huu, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Upande ule, ambao hatukuwahi kuutazama, ukuta haukupigwa plasta kabisa. Saruji ya kujengea ilikuwa imechuruzika kati ya matofali na kukaukia hapo.

"Mama, mbona hukuita?" mume wangu akauliza. "Umesimama hapo toka lini?"

"Kila asubuhi nilikuwa nakuja," Mama akasema. Hakuwa na hasira, na bora angekuwa nayo. "Nasimama, nasikia vijiko vyenu vinakoroga chai. Nikajiambia, wakinitaja tu, nitaita. Hamkunitaja."

Hatukumtaja. Tulikuwa tumenuniana. Mume wangu alikaa chini katikati ya matofali yake, akajifunika uso kwa mikono yenye saruji, akalia kwa sauti mbele ya dada yake na mbele ya kinyozi aliyekuja kuona kelele ni za nini. Mama alimwekea mkono kichwani, akauacha hapo. Mimi nikaenda kumletea Mama kiti chake.