Zamu ya Ciru

Ungeingia katika duka la dawa za mifugo pale Kitale, mwaka ule wa 2006, ungemkuta Muturi akimpimia mteja mbegu za mahindi, mikono imeshika harufu ya dawa ya kupe. Usingejua kwamba sauti yake iliwahi kusikika redioni. Wimbo wake uliitwa "Msinionee Huruma". Ulipigwa msimu mmoja tu, kisha watu wakatii. Hawakumwonea huruma, wala hawakumkumbuka. Akarudi nyumbani kumsaidia mjomba wake dukani.

Kila mchana alivuka barabara hadi saiba, akakodi kompyuta na kufungua Baraza la Nyimbo, mtandao ambapo mashabiki walipiga soga. Wenyewe walikuwa na desturi waliyoiita zamu. Mtu akimtukana Sabra, yule mwimbaji waliyempenda kuliko wote, mashabiki wake walipokezana kumjibu. Huyu akitoka, yule anaingia, hadi mchokozi achoke. Kila mwimbaji wa kike alikuwa na wazamu wake. Waimbaji wa kiume hawakuwa na mtu.

Muturi alitamani sana kuona mtu mmoja akikaa zamu yake. Lakini utajikalia zamu mwenyewe bila aibu? Ndipo alipojiandikisha kwa jina la Ciru, msichana wa Kitale, shabiki wa Muturi.

"Ati Muturi? Huyo si aliacha muziki?" mmoja alimwandikia. "Dada, hama huko kwenye baridi. Njoo kwa Sabra."

Aliyemjibu kwa upole alikuwa Phelista, mwalimu wa nasari kutoka Bungoma. Wakawa wanaandikiana. Kwa mkono wa Ciru, Muturi alimweleza Phelista mambo ambayo hajawahi kumwambia mtu: kwamba wimbo ule ulitungwa wiki waliyomzika baba yake, kwamba ulikuwa na ubeti wa kilio, na mwenye studio akautoa akisema mwanamume halii redioni.

"Mimi nikiusikia," Ciru aliandika, "nasikia mtu anayetetemeka."

"Umeniliza," Phelista alijibu. "Jana nilitoka saiba na machozi, mlinzi akaniuliza kama nimeibiwa. Ciru, lazima tuonane."

Muturi hakulala vizuri juma hilo. Mwishowe aliandika kwamba Ciru ana malaria, ila Muturi mwenyewe, jirani yake, atapita Bungoma Jumamosi amletee salamu. Alijipa moyo. Shabiki gani hatafurahi kumwona mwimbaji?

Phelista alikuwa amewahi katika hoteli waliyoagana. Muturi alipojitambulisha, msichana yule alimsalimia vizuri, kisha akatazama mlangoni nyuma yake.

"Kumbe kweli hakuweza kuja. Nilidhani labda atapata nafuu. Anakula?"

"Anakula kidogo. Amekusalimu sana."

"Nimemletea njugu." Aliweka mfuko mezani, akaagiza chai.

Muturi alingoja aulizwe kuhusu wimbo wake. Phelista aliuliza kama Ciru ana mtu wa kumchotea maji, kama ametumia dawa, kama ni mtu wa kucheka. Chai ilikuwa imepoa alipoamua kuuliza mwenyewe.

"Huko barazani kwenu, kwa nini mnapenda waimbaji wanawake tu? Sisi tuliwakosea wapi?"

Phelista alicheka. "Hamjatukosea, bana. Sabra akiachwa, anasema ameachwa. Basi mimi nina pa kuingilia. Nikimtetea, najitetea na mimi, kwa zile siku nilinyamaza. Sasa wewe! Ati 'Msinionee Huruma'. Mtu amefunga mlango na komeo, mimi nibishe hodi ya nini?"

"Lakini ulimjibu Ciru."

"Kwa sababu alikuwa amekaa zamu peke yake. Wimbo wako, usikasirike, siupendi sana. Napenda vile yeye anausikia." Akaweka kikombe chini. "Anasema ulikuwa na ubeti wa kulia, ukatolewa. Na ati wewe ulikuwa unatetemeka. Ni kweli?"

Muturi alifungua mdomo. Meza ya pili, wanaume wawili walikuwa wakizungumzia mahindi ya Tongaren. Mmoja aligeuka kidogo. Muturi alihisi mabega yake yakinyooka yenyewe, kama siku ile studioni.

"Wasichana huongeza chumvi," alisema. "Mimi nilikuwa sawa tu."

"Aa," Phelista alisema. Alifunga mfuko wa njugu fundo, akamsogezea. "Mpelekee. Mwambie atafune pole pole, malaria hufanya mdomo uchungu."

Jumatatu mchana, ujumbe ulikuwa ukimsubiri Ciru saiba.

"Dada, nimemwona mtu wako. Ni mpole, lakini sikumkuta ndani. Pole. Nadhani ule ubeti uliutunga wewe, kwa kumpenda. Njugu zimefika?"

Muturi aliusoma hadi mwisho, akaurudia. Njugu zilikuwa pale mapajani, fundo bado halijafunguliwa. Alikuwa ameshindwa kuzila, kwa maana hazikuwa zake. Kando yake msichana aliyevaa visikizio alikuwa akimfuatisha Sabra kwa sauti ya chini, macho amefumba, bila kujali nani anamtazama.

Akaanza kuandika.

"Phelista, zimefika. Ubeti upo. Niliuandika mimi. Nilikudanganya nilipojiita Ciru, lakini uongo mkubwa ni ule wa hotelini. Sikuwa sawa. Hata sasa siko sawa."

Kisha akauandika ubeti wenyewe. Mistari mingine alikuwa ameisahau, basi mahali hapo alieleza tu jinsi koti la baba lilivyobaki limening'inia nyuma ya mlango, na kwamba hakuna aliyethubutu kulitoa. Chini kabisa aliweka jina lake, akatuma.

Mtandao ulikuwa mzito. Ng'ambo ya barabara mjomba alikuwa amesimama mlangoni pa duka.

"We Muturi! Wateja wamejaa huku!"

"Nakuja, mjomba!"

Lakini hakuinuka. Alifungua fundo, akatia njugu moja mdomoni, akaitafuna pole pole, macho kwenye kioo cha kompyuta.