Siku Niliyokwenda Kumkagua Mkwe

Kaka yangu hana neno la mwisho nyumbani kwake. Neno la mwisho ninalo mimi, dada yake, na analijua hilo tangu mkewe alipofariki, nikahamishia cherehani yangu kwake na kumlea bintiye kama niliyemzaa mwenyewe. Huyo binti ni mwembamba na mkali, ndiyo maana tukamwita Sindano. Wachumba wawili walishaletwa mbele yangu kwa ajili yake. Wa kwanza nilimkataa kabla chai haijapoa. Wa pili aliniona tu, akakumbuka kwamba ana safari.

Wa tatu, Sindano alisema, anaongoza watalii. Asubuhi anawachukua kwa basi dogo, anawapeleka kwenye mlima uliowahi kutema moto, kwenye maporomoko ya maji na kwenye bonde ambako ardhi inatoa mvuke, kisha jioni anawarudisha mjini.

"Kwa hiyo kazi yake ni kuongea," nikasema.

"Kazi yake ni kuongoza watu, shangazi."

"Kwa mdomo."

Nilikuwa na sababu zangu. Mimi niliwahi kuolewa na mdomo. Mume wangu aliweza kukusifia mpaka ukasahau kwamba jikoni hakuna kitu, na siku alipoondoka aliniaga kwa maneno matamu hivi kwamba nilimfungia mkate wa njiani. Hakurudi, na mkate wangu akala. Kwa hiyo nilimwapia kaka: kama kijana huyu naye ni maneno matupu, Sindano haolewi naye nikiwa hai.

"Basi nenda ukamwone kazini kwake," kaka akasema. "Ukirudi na ndiyo, ni ndiyo. Ukirudi na hapana, nitamwambia mwanangu hapana, yaishe."

Sindano alikuwa amesimama mlangoni, amesikia kila kitu. Kwa kawaida angebisha mpaka majirani wafunge madirisha. Safari hii hakubisha. Alinitazama tu, na macho yake yalikuwa yananiomba. Sikuyapenda macho yale, kwa sababu yaliniingia.

Nikanunua tiketi kama mtalii yeyote. Nikavaa miwani myeusi, nikajifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, nikapanda basi nikiwa nimekaza uso.

Kijana alikuwa mrefu, shati limenyooshwa, pindo la suruali limeshonwa na mtu anayejua kazi. Nilitamani lingekuwa limefumuka, nianze na kosa. Lakini alipofungua mdomo alinipa makosa tele.

"Karibu, malkia," akaniambia, akinishika mkono nipande.

Kumbe kila mwanamke alikuwa malkia, na kila mwanamume alikuwa mheshimiwa. Kwenye kiti cha mbele yangu walikaa maharusi waliooana juzi, wameshikana mikono kama wanaogopa kuibiwa. Kijana akawatazama kwenye kioo. "Hawa tuwaombe wasituongezee joto," akasema. "Huko tunakokwenda lipo la kutosha." Basi zima likacheka. Mimi nilicheka pia, lakini kwa ndani, na nikajikasirikia. Ndivyo walivyo hawa. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, nami nilikuwa nimekuja nimejizatiti nisitoke.

Tukashuka chini ya mlima. Niseme ukweli, sikuwa nimejiandaa kwa mlima. Nilikuja kumtazama mtu. Lakini mbele yetu ilitanda lava iliyoganda, nyeusi, yenye mikunjo juu ya mikunjo, kama gauni kubwa lililovuliwa na kuachwa sakafuni. Maisha yangu yote nimekunja marinda kwa pini na pasi, na hapa moto ulikuwa umeyakunja peke yake, bila kupima, bila kukosea. Nikavua miwani nione vizuri, nikakumbuka nimejificha, nikairudisha.

Kijana alituchuchumaza wote kwenye ufa mmoja, hata bwana mmoja mnene mwenye kamera mbili shingoni, ambaye alichuchumaa huku akilalamikia magoti. Ndani ya ufa kulikuwa na kijimea kimoja, majani yake madogo kuliko kucha.

"Mlima ulichoma kila kitu hapa," kijana akasema. "Kila mtu alihama. Huyu hakupata taarifa."

Kisha akamwagia tone la maji kutoka kwenye chupa yake ya kunywa. Hakututazama kuona kama tumemwona. Nikaliandika hilo moyoni, ingawa kwa shingo upande.

Maporomoko tuliyasikia kabla ya kuyaona. Njia ilipinda, upepo wenye matone ukatupiga usoni, halafu yakawa mbele yetu, yanashuka kutoka juu sana kiasi cha kukuinua kidevu. Nikajiandaa kwa hotuba. Nilijua sasa ndipo atakapomwaga mashairi yote.

"Hapa mimi sina la kusema," akasema, akarudi nyuma yetu.

Na kweli hakusema. Tulisimama tu. Maji yalikuwa yanaanguka na kuanguka, upinde wa mvua umekaa chini yake bila kutikisika, na mimi nikaanza kutokwa na machozi mbele za watu nisiowajua. Haikuwa huzuni. Niliona fahari, fahari ya kijinga kabisa, kana kwamba dunia ni mwanangu na leo amefaulu mtihani. Hata maharusi waliachiana mikono. Nilipogeuka, kijana alikuwa anayatazama maji yale yale aliyoyaona jana na juzi, mdomo wazi kama mgeni.

Nikaanza kuogopa kwamba nitampenda.

Bonde la mvuke lilikuwa la tatu. Harufu ilitangulia, harufu ya mayai yaliyooza, na bibi harusi akajifunika pua kwa skafu ya mumewe, maana yeye hakubeba yake. Kabla ya kufungua mlango wa basi, kijana alitugeukia, na uso wake haukuwa ule wa asubuhi.

"Hapa hakuna malkia wala mheshimiwa," akasema. "Tunapita juu ya mbao, mmoja nyuma ya mwingine. Nje ya mbao, ardhi mnayoiona ni ganda tu. Chini yake kuna tope linachemka. Mguu ukizama, hautoki kama ulivyoingia. Tumeelewana?"

Tukaitikia kama watoto wa shule. Nilielewa. Sitasema sikuelewa.

Lakini ni nani angeniandaa kwa rangi zile? Mvuke ulikuwa unapanda kila upande, tope linatokota kwa sauti ya uji mzito, na kila upepo ulipoupuliza mvuke pembeni, ardhi ilijifunua: manjano, kijani, nyekundu ya kutu, na mahali pamoja, karibu na mbao, rangi ambayo nimeitafuta kwenye maduka ya vitambaa tangu usichana wangu nisiipate. Si chungwa, si waridi, katikati hapo. Macho ya fundi cherehani hayashibi peke yake, lazima na mkono uguse. Nikajiambia ni hatua mbili tu, na kwamba maonyo yale ni ya watoto na watu wa kamera. Nikashuka kutoka kwenye mbao.

Nilikuwa nimeinama, kidole kinakaribia.

"Wewe mama! Simama! Usiinue mguu!"

Nikainua kichwa. Kijana alikuwa mwanzoni mwa msafara, anarudi juu ya mbao akiwapangua watu.

"Una wazimu? Nimesema nini kwenye basi?"

"Kijana," nikaanza, "unajua unaongea na..."

"Funga mdomo! Nitazame mimi. Rudi kwa nyayo zako mwenyewe, pole pole. Mguu wa kulia kwanza. Siyo huo! Wa kulia, nimesema!"

Sijawahi kufokewa hivyo, hata utotoni. Nikaufyata. Nikarudisha mguu wa kulia. Nilipounyanyua wa kushoto, pale ulipokuwa palibonyea, ganda likapasuka kimya kimya, na mvuke ukachomoza ukaniunguza kifundo cha mguu. Wakati huo huo mkono wake ulikuwa umeshanidaka, akanivuta juu ya mbao kwa nguvu mpaka bega likalia. Akainama, akakikagua kifundo changu, akakimwagia maji ya chupa. Halafu akasimama, akawatazama watu wote mmoja mmoja, akasema, "Twende." Hakuniambia pole wala samahani.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo nimewapiga nayo watoto wa watu miaka nenda miaka rudi, na leo ilikuwa imekaa kwenye mguu wangu, nyekundu.

Kwenye basi bwana wa kamera alishindwa kujizuia.

"Mteja hafokewi," akaninong'oneza. "Ningekuwa wewe ningempigia bosi wake sasa hivi."

"Angalau angeomba radhi," bibi harusi akasema.

Aibu ilikuwa inaniwaka kuliko kifundo. Nilikuwa na kosa lake mkononi, kosa kubwa, lenye mashahidi. Amenifokea mbele za watu, mama wa umri wangu. Nikirudi na hilo, kaka hatauliza la pili. Na Sindano? Nikayaona macho yake pale mlangoni, nikageukia dirisha.

Kituo cha mwisho kilikuwa bwawa la maji ya moto yaliyopoa kiasi cha mtu kuoga. Wengine waliingia wakipiga kelele. Mimi nilikaa ukingoni peke yangu, nimetumbukiza mguu mzima na kuuacha ulioungua nje. Kijana akaja na kitambaa kilicholowekwa maji baridi, akanifunga kifundo.

"Hujaniomba radhi," nikamwambia.

"Sijakuomba, mama."

"Utaniomba?"

"Kwa kukuambia una wazimu, naomba radhi. Kwa kukufokea, hapana."

"Hujui hata mimi ni nani."

Akamaliza fundo, akachuchumaa mbele yangu.

"Nakujua, shangazi. Nimekujua tangu ulipopanda basi. Wewe na Sindano ni uso mmoja, miwani au bila miwani."

Niliivua basi, maana haikuwa na kazi tena.

"Na yale ya malkia?"

"Yale nawaambia wote. Ila leo niliyasema nikimwomba Mungu."

"Na ulijua kwamba nikisema hapana, ni hapana?"

"Aliniambia. Alisema, shangazi akikataa, baba atafuata, na mimi sitamvunja baba moyo." Akatazama maji. "Nilipokuona umesimama pale, nilijua nikikufokea mbele za watu nimeshamkosa. Nikasema basi, anikatae. Lakini anikatae akiwa na miguu yote miwili."

Mimi ni mtu wa majibu. Waulize wateja wangu, muulize kaka, muulize yule mchumba wa kwanza. Lakini jibu hili halikuwa la kijana, lilikuwa la kaka. Nikatoa simu kwenye mkoba, nikampigia kaka pale pale, kijana akiwa mbele yangu. Akataka kuondoka, nikamwonyesha kwa mkono akae.

"Enhe," kaka akasema. "Umemwonaje? Ni maneno matupu?"

"Amenifokea."

"Amekufokea wewe?"

"Mbele za watu. Ameniambia nifunge mdomo."

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nikafunga."

Kaka alishusha pumzi ndefu. Nilimsikia akivuta kiti. "Basi," akasema kwa huzuni, "nitamwambia mtoto hapana."

"Nani kasema hapana? Mpe Sindano simu."

Niliisikia simu ikibadilisha mikono, na kikwikwi kimoja kilichomezwa haraka. Alikuwa karibu muda wote, nadhani alikuwa amebana sikio ukutani.

"Shangazi?" akasema, sauti ndogo, siyo yake.

Nikataka kumwambia. Nilikuwa na mengi: habari ya ufa na kijimea, maji, rangi ile, mguu wangu. Machozi yale ya maporomoko yakarudi yote, na mimi, mwenye neno la mwisho, sikuwa na neno. Nikamnyooshea kijana simu.

Akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka sikioni. Mdomo wote ule wa asubuhi, akaufungua, hakikutoka kitu. Midomo ilimcheza tu. Sindano alikuwa anaita, "Haloo? Shangazi? Haloo!" mpaka mimi nikamsikia pale nilipokaa.

"Sema basi," nikamwambia. "Sema, mwanangu."